Mafundo ya Gudrun

Gudrun alikufa mwezi wa Februari, barafu ikiwa bado imeshika mabomba. Kabla hajafa alipanga safari ya tamasha.

Hakuna aliyemwomba. Alikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa kimeteremshwa sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu ngazi zilishamshinda. Daktari alikuwa ameshasema alichokuwa nacho cha kusema. Tage, mumewe, alikaa kwenye kiti cha mbao kando yake, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu yake kazini. Alikuwa mtu wa machinjioni. Miaka yote ya nguvu zake alipasua matumbo ya ng'ombe kule Horsens, mpaka mabega yakakataa. Shule aliiacha akiwa mdogo, na maneno hakuwa nayo. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Gudrun.

"Julai utakwenda Lyngmark," Gudrun alimwambia.

"Nani, mimi?"

"Kuna nani mwingine humu ndani? Paka tulishamzika."

"Peke yangu nikafanye nini?"

"Ukafanye tulichokifanya siku zote. Ulale hemani, usikie muziki, ulalamike kiuno. Usipokwenda, bwana wee, nitakujia usingizini na sufuria mkononi."

Tage alicheka. Kisha akaona aibu kwamba amecheka.

Lyngmark ni malisho tu, magharibi ya rasi ya Jutland. Mwaka mzima ni mali ya ng'ombe. Kiangazi ng'ombe huhamishwa wiki chache, majukwaa yakasimamishwa, na watu wakamiminika kutoka nchi nzima na nchi za jirani, wakalala kwenye nyasi na kusikiliza muziki mpaka masikio yakafa ganzi. Tage na Gudrun walikwenda mara ya kwanza wakiwa wachumba. Hawakukosa tena, hata mwaka ambao binti yao, Merete, alikuwa tumboni.

Siku hizo tiketi ilikuwa kitu cha mtu yeyote. Sasa tiketi moja inameza pensheni ya mwezi na kulamba sahani. Lakini Gudrun aliijua njia ya wasio nacho. Hawakununua tiketi, walifanya kazi. Ukikubali zamu kadhaa, tamasha linakufunga utepe mkononi na lango linafunguka. Gudrun alipika kahawa ya wafanyakazi. Tage alisafisha uwanja watu wakishaondoka. Walipanda treni ya pole pole mpaka stesheni ya mwisho, kisha baiskeli, na tela dogo nyuma lenye hema na sufuria. Chakula walitoka nacho nyumbani.

"Bia ya uwanjani ni ya watoto wa madaktari," Gudrun alikuwa akisema. "Sisi tuna yetu, na ya kwetu haina foleni."

Kwa hiyo katika wiki zile za mwisho alimfundisha mumewe kama anavyofundishwa mtoto. Kila siku jambo moja, na kesho yake akamsaili.

"Mkate?"

"Mweusi. Niukate nyumbani, niufunge kwa karatasi."

"Samaki?"

"Wa kopo. Na kifungulio."

"Mwaka ule ulifungulia nini?"

"Bisibisi."

"Na damu ikaingia kwenye mchuzi. Soksi?"

"Za sufu, ingawa ni Julai."

"Hasa kwa kuwa ni Julai. Unaishi nchi gani wewe?"

Alimfundisha yote ambayo kinywa chake kilikuwa kinayajua. Yale yaliyojulikana na mikono yake tu hakuyasema, kwa sababu hata mwenyewe hakujua kwamba anayafanya.

Baada ya maziko Merete alikuja kutoka Aarhus na gari. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto mwenye huzuni na mwenye haraka, na vitu hivyo viwili vikikutana hufagia nyumba kama upepo. Siku mbili tu, nguo za mama yake zikawa zimekwenda duka la mitumba la kanisa.

"Ukiziacha zitakuumiza, Baba."

"Haya."

"Kila ukifungua kabati utaumia."

"Haya, mwanangu."

Mwezi wa Mei alimhamishia kwenye nyumba za wazee, vyumba viwili, bila ngazi. Kitanda cha ndoa hakikuingia mlangoni, kikauzwa. Kochi likauzwa. Usiku wa kwanza Tage alitafuta joho la Gudrun la asubuhi, lile la buluu lenye mfuko uliochanika, akakuta kiango cha nguo kinaning'inia peke yake. Akakitazama. Akakirudisha.

Kilichonusurika ni hema, na lilinusurika kwa sababu lilikuwa chini ghalani na hakuna aliyelikumbuka.

Lilikuwa hema la turubai zito, rangi ya chungwa iliyopauka, walilonunua mwaka wa harusi. Gudrun alikuwa amelitia viraka vya mapazia. Vigingi vyake alivipaka vichwa rangi nyekundu ya kucha, visipotee majanini. Kucha zake mwenyewe hakuwahi kuzipaka. Na mwisho wa kila kamba alifunga fundo lake, fundo la kitanzi alilofundishwa na baba yake, aliyekuwa kibarua wa kufunga majani ya ng'ombe. Mafundo yale hayakufunguliwa tangu yafungwe. Kitanzi kilivishwa kwenye kigingi, kikavuliwa, mwaka baada ya mwaka.

Tage alilikunjua kidogo palepale ghalani, akaingiza kichwa. Moshi wa jiko la spiriti. Turubai lililowahi kulowa. Na chini yake, mbali kidogo, Gudrun mwenyewe, dawa yake ya kuchua na shingo yake. Alilikunja upesi, harufu isitoke.

Hicho ndicho alichokuwa amebakiwa nacho, na alijua hivyo.

"Baba, hema hilo lina uzito wa ndama," Merete alisema kwenye simu. "Madukani yapo mepesi, bei ya pizza mbili."

"Nitakwenda na hilihili."

"Utavunja mgongo."

"Mgongo ni wangu."

Akaenda nalo.

Mkuu wa wasafishaji pale Lyngmark alikuwa Dorrit, mwanamke mnene wa mifupa, ambaye miezi mingine huendesha trekta la watu. Aliwajua wote wawili kwa miaka. Alimwona Tage anaingia kibandani na baiskeli yake, akaweka kalamu chini.

"Nilisikia," alisema.

"Ndiyo."

"Kahawa ya mwaka huu itakuwa maji ya kuoshea vyombo."

"Najua."

Rambirambi zikaishia hapo. Huko watu hawaziongezi. Dorrit alimfunga utepe mkononi, akampa kizibao cha kung'aa, akampa na kipande cha kitambaa cheupe.

"Hiki usikisahau, mzee. Unajua Jumapili hatumuulizi mtu."

"Najua."

Na kweli alijua, kuliko wengi. Vijana wanaokuja Lyngmark hununua mahema rahisi, na muziki ukiisha huyaacha yamesimama wakaondoka zao. Kwa hiyo Jumapili ikifika adhuhuri, hema lolote lililosimama ni taka. Wasafishaji huingia mstari kwa mstari na visu, wakakata, wakaviringisha, wakatupa. Wafanyakazi wanaobaki mpaka Jumatatu hufunga kitambaa cheupe kwenye nguzo ya mbele, nao huachwa. Tage alikuwa ameyakata mahema kwa miaka mingi, na kila alipoona kitambaa cheupe alipita.

Lakini kitambaa chake hakuwahi kukifunga. Kila mwaka alikipokea, akampa Gudrun bila hata kumtazama, kama mtu anayetundika kofia mahali pake. Mwaka huu alikitia mfukoni.

Alipiga hema palepale pa siku zote, kando ya birika la saruji la kunyweshea ng'ombe. Kwa watu wawili ilikuwa kazi ya kuvuta sigara moja. Peke yake, nguzo ya nyuma ilisimama, ya mbele ikaanguka. Ya mbele ikasimama, ya nyuma ikalala. Jirani zake, kundi la vijana kutoka Randers wenye spika kubwa kama friji, walikaa wakitazama kama wako sinema.

"Babu!" mmoja wao aliita, msichana mwenye nywele za kijani. "Hilo hema lilipigana vita gani?"

"Vita vya ndoa," Tage alijibu bila kugeuka.

Wakaangua kicheko.

"Na nani alishinda?"

"Yeye."

Wakacheka zaidi, wakaja wakamshikia nguzo, wakampa bia ya moto. Hakuwaambia zaidi, nao hawakuuliza.

Muziki ulipoanza hakwenda sana majukwaani. Alikaa mlangoni mwa hema na chupa yake ya kahawa, na ngoma za mbali zikawa zinatikisa kahawa kikombeni. Jioni moja ilipiga bendi waliyoipenda tangu ujana, wapigaji nao wakiwa na mvi. Akaenda, akasimama nyuma kabisa. Walipiga vizuri. Haikumsaidia kitu.

Kilichomsaidia ni hema. Mchana kutwa alilifunga vifungo vyote, jua liwake namna gani, harufu isitoke. Usiku aliingia, akalala upande wake wa kushoto, upande wa pili akauacha. Kwenye vyumba vile viwili alikuwa halali, anahesabiwa tu kuwa amelala. Hapa alilala kweli, vijana wa Randers wakipiga kelele mpaka alfajiri. Asubuhi aliamka na kabla hajafumbua macho alijua yuko wapi, na kwa muda mfupi tu hakujua kingine.

Jumapili aliamka mapema, akanywa kahawa, akafunga vifungo vya hema, akaenda kazini. Alipangiwa upande wa msituni, mbali. Vijana wa Randers walimkuta njiani wakielekea stesheni, wamebeba spika kama jeneza.

"Kwaheri, Babu! Tuonane mwakani!"

"Na mahema yenu?"

"Yamekufa, Babu. Mungu ametwaa."

Adhuhuri ilipofika wakaingia na visu. Jua lilikuwa kali siku hiyo. Tage alifanya kazi vizuri, labda vizuri kuliko miaka yote, maana hakuwa na jingine la kuwaza. Kisu juu ya paa, chini mpaka mlangoni, kamba pande zote, viringisha. Mkono ulikumbuka matumbo. Ndani ya mengine mlikuwa na mito, viatu, mdoli wa mtu. Hakuangalia. Hakuna msafishaji anayeangalia. Ukiangalia, kazi haiishi. Jasho lilipomwingia machoni alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta, akakirudisha. Akafanya hivyo mara nyingi.

Jioni alirudi kwenye birika.

Birika lilikuwepo. Alidhani amekosea njia. Akatazama msitu, akatazama nguzo za umeme, akalitazama tena birika. Njia haikuwa imekosewa. Majanini kulikuwa na alama ya mraba, nyasi za njano zilizokosa jua, na juu ya mraba ule hakuna kitu. Pua ilianza kumchuruzika kama mtoto. Akatia mkono mfukoni apate cha kufutia. Ndipo akaona alichokishika.

Dorrit alikuja na kigari chake, anakagua.

"Mbona umesimama hapo, mzee?"

"Nimesimama tu."

"Hema lako uli..." Akakiona kitambaa. Kilikuwa kimekuwa cheusi kwa vumbi na jasho. "Mungu wangu. Tage. Hukukifunga?"

"Gudrun ndiye hufunga."

Dorrit alizima kigari.

"Sikiliza. Liko kwenye rundo la langoni. Katapila bado linapakia. Nikisema neno moja linasimama. Tutafukua, mimi na wewe na watu kumi. Sema tu."

Tage alitazama langoni. Rundo lilikuwa refu kama nyumba. Malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamesimama chini wakivuta sigara, wanataka kwenda kwao. Wasafishaji walikuwa wamekaa chini migongo imekufa. Watu wa pale hufundishwa tangu wananyonya, usijifanye jambo lako ni kubwa kuliko la wenzako, usiwangojeshe watu. Machinjioni hakuwahi kuusimamisha mnyororo unaopitisha ng'ombe waliochinjwa, hata mara moja. Siku kisu kilipomkata kidole, aliinua mkono baada ya ng'ombe yule kwisha kupita.

"Haina haja," alisema.

"Tage."

"Ni hema tu. Watu wamechoka. Waache waende nyumbani."

Dorrit hakuwasha kigari. Alingoja, akampa nafasi. Bado ilikuwepo nafasi. Katapila lilifungua taya, likauma rundo, likainua. Mahema ya buluu, ya kijani, na ndani yake kitu cha rangi ya chungwa, au labda kingine. Ya rangi ya chungwa yalikuwa mengi. Likageuka, likatema kwenye lori, na ndani ya lori chuma kikashindilia.

"Ni hema tu," alisema tena, pole pole, na Dorrit akatazama pembeni.

Usiku ule alilala kwenye banda la wafanyakazi, juu ya mabenchi mawili. Hakulala.

Jumatatu ni siku ya vigingi. Mahema hukatwa, lakini vigingi hubaki ardhini, na ng'ombe wanarudi. Ng'ombe akimeza kipande cha chuma pamoja na nyasi, chuma hutembea taratibu ndani ya tumbo mpaka kwenye moyo. Tage alikuwa amevitoa kwa mikono yake mwenyewe, misumari na waya, kutoka kwa ng'ombe waliokuwa wameanza kukonda bila mtu kujua sababu. Kwa hiyo Jumatatu watu hujipanga mstari mmoja mrefu, bega kwa bega, wakaenda wameinama, kila mmoja na ndoo yake, na mstari hauendi mbele mpaka wote waende.

"Niweke upande wa birika," alimwambia Dorrit. Hakuwa amemwomba kitu kingine kwa miaka yote hiyo.

Dorrit akampangua mtu mmoja, akamweka.

Walipofika, vigingi vyake vilikuwepo vyote, vichwa vyekundu kuuzunguka mraba wa njano. Aliyelikata hema alikata haraka, kamba moja moja juu ya fundo, vilevile kama Tage mwenyewe anavyokata. Kwa hiyo kwenye kila kigingi kulikuwa na kipande kifupi cha kamba. Na kwenye kila kipande, fundo la Gudrun.

Tage alipiga magoti. Akashika la kwanza. Lilikuwa gumu kama mfupa. Akalivua kutoka kwenye kigingi taratibu, lisifunguke, akaking'oa kigingi, akakitupa ndooni. Akasogea kwa magoti mpaka la pili.

Mstari ulishatembea hatua mbili, ukakwama.

"Mzee," mwanamume wa kulia kwake alisema, mgeni, hakumjua. "Vipi, uko sawa? Mstari unakungoja wewe."

"Ungoje," Tage alisema.

"Eti?"

"Nimesema ungoje."

Hakupaza sauti. Lakini mwanamume yule aliweka ndoo yake chini, na aliyefuata, na aliyefuata. Kutoka nyuma Dorrit aliita, "Simameni wote! Hakuna anayepiga hatua." Mstari mzima ukasimama, kutoka msituni mpaka langoni, watu na ndoo zao, na hakuna aliyejua unamngoja nani ila walio karibu. Tage alizunguka mraba wote kwa magoti. Vigingi aliviweka ndooni, kwa ajili ya ng'ombe. Mafundo aliyaweka kwenye kile kitambaa kilichokuwa cheupe. Yalipokwisha alishindwa kuinuka, na yule mwanamume akamshika kwapa akamwinua.

"Haya," Tage alisema. "Twendeni."

Wakaenda.

Kwenye treni ya pole pole simu ililia. Tela lilikuwa tupu, limelala kwenye behewa la baiskeli kama mbwa.

"Baba! Ilikuwaje?"

"Mvua haikunyesha."

"Ulifurahi?"

"Vijana walikuwa wema. Bendi ile ilipiga."

"Na hema? Ukifika litundike likauke, usilikunje na unyevu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akipiga kelele."

Tage alitazama nje. Mashamba ya shayiri yalikuwa yanapita.

"Limekauka," alisema.

Alipofika, aliingiza baiskeli, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akafungua kitambaa juu ya meza. Alichukua fundo moja, akalipeleka puani, akavuta pumzi taratibu na macho kayafumba. Akachukua la pili. Akayapitia yote, mpaka la mwisho.

Yalinuka udongo. Udongo tu.